Mwenye Nyumba Ni Mimi

Misunkumilo, Mpanda
14 Januari 2024

Mdogo wangu Marta,

Ufunguo niliotumiwa na fundi nimempa Danford akuletee. Nimeufunga ndani ya soksi, soksi imo ndani ya kopo la majani ya chai, na juu ya kopo nimeandika "dawa ya minyoo" ili asilifungue njiani. Danford ni dereva mzuri wa roli, ila hakuna chai iliyowahi kupita mikononi mwake ikafika imejaa.

Nyumba imekwisha. Bati limekaa, milango imekaa, na fundi ameniapia kwa Mungu kwenye simu kwamba sakafu haitapasuka, kwa hiyo najua itapasuka. Ingieni humo, wewe na shemeji Fabiani na watoto, mnishikie mpaka nitakapokuja. Nyumba tupu hapo Ikola haimalizi msimu. Mchwa wataanza na fremu, vijana wanaoshinda mwaloni kwenye mitumbwi watamalizia na bati.

Kazi yangu unaijua. Nakaa kwenye nyumba za watu wakiwa safarini, nalisha mbwa wao, namwagilia maua yao, nawasha taa jioni. Kuna wanaosema ni kazi ya kivivu. Lakini waulize hapa Mpanda kama kuna nyumba niliyoikalia ikaibiwa hata kijiko. Siri yake ni moja, na leo nakupa bure. Usiseme hata siku moja kwamba unamlindia mtu. Mwizi akijua mwenyewe hayupo, anapanga siku. Jirani akijua, atamwambia mwizi bila kukusudia. Ukiulizwa, simama wima, mikono kiunoni, sema: mwenye nyumba ni mimi. Nguo zako zianike mbele, siyo uani. Panda kitu. Gombana na mtu kuhusu mpaka, maana mlinzi hagombanii mpaka wa bosi wake, na watu wanalijua hilo. Baada ya hapo hakuna atakayekuuliza tena.

Mimi bado niko kwa Mama Spès, yule mwenye mbwa wa kifafa anayeitwa Waziri. Jina alipewa na marehemu mume wa mama, kwa sababu mchana alilala na jioni alibweka. Mama anafanya kazi Dodoma, huku anakuja kupumzika. Na akija, Marta, ndipo ninapokumbushwa mimi ni nani. Saa anayoingia yeye getini ndiyo saa ninayotoka mimi na begi, kutafuta pa kulala kwenye mji ninaoulinda. Mara ya mwisho nililala kwenye mkeka wa mwanakwaya mwenzangu, na kwenye pochi yangu kulikuwa na funguo za majumba matatu.

Ndiyo sababu nimejenga. Nafikiri huu utakuwa mwaka wangu wa mwisho kwenye kazi hii, ingawa sijaamua vizuri. Nataka mlango mmoja ambao nikiufungua hakuna wa kunipigia simu kuniuliza naondoka lini.

Andika, usipige. Simu ya Fabiani inakaa ziwani kuliko yeye mwenyewe, na wewe ukikasirika kwenye simu unasingizia mtandao. Na unitumie dagaa, wale wanaoanikwa juu ya chanja, wasio na mchanga.

Dada yako,
Scolastica


Ikola
3 Machi 2024

Shikamoo dada,

Ufunguo umefika. Dawa ya minyoo imefika nusu. Danford anasema tumbo lilimsumbua njiani.

Tumeingia. Sakafu imepasuka wiki ileile, hapo karibu na mlango, na Fabiani ameiziba. Watoto walipita chumba kwa chumba wakigonga kuta kama wanunuzi. Halafu yule mdogo akaniuliza, "Mama, hapa nako tutahamishwa lini?" Nikamwambia alale.

Nimefanya kama ulivyosema. Siku ya kwanza Mama Dorotea, jirani wa upande wa kisima, alikuja na bakuli la maharage na macho makubwa. "Hii si nyumba ya dada yako wa Mpanda?" Nikajibu kwa sauti ndogo kwamba dada alinisaidia mabati. Yeye akatikisa kichwa tu, hakuamini. Nikaona nimeharibu.

Basi nikatafuta ugomvi. Haukuwa mbali. Kuna mzee Machibya, Msukuma, anapitisha ng'ombe wake kwenda kunywa maji, na ng'ombe wanakata kona kwenye uwanja wako. Nikatoka na fimbo. "Mzee, hapa siyo barabara!"

"Wewe nani wa kunizuia?"

"Mwenye nyumba ni mimi!"

Dada, nilishtuka. Sauti ilitoka kubwa kama ya marehemu mama akigombana na wachuuzi. Ng'ombe wenyewe walisimama. Tangu siku ile Machibya akipita anainua kofia: "Hujambo mama mwenye nyumba." Dorotea naye ameacha maswali, sasa anaomba chumvi. Nimepanda migomba pembeni na mpapai nyuma.

Dagaa ni hao. Nimewachagua mmoja mmoja, nimetoa na vichwa, kwa sababu ya meno yako.

Mdogo wako,
Marta


Misunkumilo
21 Aprili 2024

Marta,

Nimecheka hiyo ya ng'ombe mpaka Waziri akaja kuniangalia. Umeiva. Ungekuwa huku ungeninyang'anya wateja.

Nataka kukuambia jambo na sina mwingine wa kumwambia, maana kwenye kazi hii sina mwenzangu. Nimekuwa nikijipima kama niendelee au niache. Kuna siku naona ningekuwa mjinga kuacha. Nakaa kwenye kiti cha ngozi, nasoma vitabu vya marehemu mume wa mama, nimemaliza kabati zima na sasa narudia. Darasa la saba lenyewe nililimaliza kwa kusukumwa, leo najua mambo ya mapinduzi ya Wafaransa. Hakuna mume wa kuniuliza chumvi iko wapi.

Halafu kuna siku kama Jumapili. Waziri alianguka pale sebuleni, miguu inapiga sakafu, povu. Nikakaa chini nikashika kichwa chake mapajani, nikamwimbia pambio hadi ikapita. Alipozinduka alinitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka jina. Nikawaza: siku na mimi nikianguka, nitaangukia sakafu ya nani? Mama Spès atauliza kwanza kama mbwa amekula.

Kwa hiyo nimeamua, au karibu nimeamua. Julai mama akirudi likizo, namkabidhi funguo kwa heshima, nakuja kwangu. Mkiweza kupata chumba cha kupanga kabla ya hapo itakuwa vizuri, maana vyumba ni viwili tu, na mimi nimezoea kulala peke yangu, mbwa mlangoni. Msiwe na haraka sana. Ila msichelewe pia.

Dagaa walikuwa wazuri. Wanakwisha haraka, ongeza.

Scolastica


Ikola
12 Mei 2024

Dada,

Kuhusu chumba tumesikia.

Kuhusu dagaa. Danford alipoleta kiroba cha mwisho aliingia mpaka uani kwako, sivyo? Amekukuta umechuchumaa, umemtoboa dagaa wangu tumboni, umemtia kidonge, unambembeleza mbwa: "Kula baba, kula waziri wangu." Amelisimulia hilo mwaloni mbele ya wanawake wote wa chanja. Kutwa nzima waliniita mpishi wa Waziri.

Nilikuwa nachagua mmoja mmoja. Nilikuwa nasema, dada yangu ana meno mabovu na yuko peke yake ugenini, angalau ale kitu cha nyumbani. Watoto wangu walikula wa mchanga. Kumbe watoto wangu walikuwa wanakula makombo ya mbwa, na mbwa mwenyewe hawajawahi hata kumwona.

Sitasema mengi. Mama alipougua ulisema paka wa mkurugenzi yuko karibu kuzaa. Mama alikufa, paka akazaa. Sikuwahi kukuuliza walikuwa wangapi.

Lakini la muhimu ni hili, lishike. Mwenyekiti wa kitongoji, Mzee Sylvanus, amepita nyumba kwa nyumba. Mwezi ujao wapimaji wa ardhi wanakuja. Kila mwenye eneo asimame kwenye mpaka wake, majirani washuhudie, waandikwe, baadaye hati zitoke. Amesema asiyesimama asilie. Njoo usimame. Safari ni ya siku moja, kwa Danford hata nauli hatakutoza. Njoo, dada.

Marta


Dodoma
2 Juni 2024

Mpendwa Scola,

Hujambo? Waziri hajambo? Nimekuota naye.

Nimetuma barua hii na mfuko wa vidonge vipya kwa dada mmoja anayekuja Mpanda. Mwezi huu wa sita tafadhali usitoke hata kwa usiku mmoja. Najua uliniambia kwenye simu habari za kwenda Ikola kwenye mambo ya kiwanja, lakini unakumbuka ulipoweka mtu wa kukushikia ile mara ya mwisho: alisahau kidonge, na mtoto wangu akaanguka mara nne. Sitaki kurudia maumivu yale. Hivyo viwanja huwa vinapimwa tu, Scola. Ardhi haikimbii.

Semina zangu zimeongezwa, kwa hiyo Julai sitakuja. Labda Desemba. Nataka pia tuzungumze kuhusu mwaka ujao na miaka mingine mbele. Ninakuamini kuliko ndugu zangu wa damu, na ndugu zangu unawajua. Wewe ni mtu wa familia kabisa. Fikiria, ila usifikirie sana, nitaumia.

Halafu niliona kwenye picha uliyonitumia kwamba mashuka ya chumba cha wageni yamekunjwa tofauti. Tafadhali endelea kulala chumba cha nyuma.

Wako,
Spès


Misunkumilo
5 Juni 2024

Marta,

Danford anapiga honi getini, kwa hiyo kwa kifupi.

Siwezi kuja. Mama amenifunga mikono, na Waziri ameanguka juzi na jana. Lakini wewe upo, na ndiyo sababu nilikuweka hapo. Simama mpakani kama ulivyozoea. Majibu unayajua.

Julai nakuja, mama awepo asiwepo. Nimeshaamua, begi nimeshalitoa juu ya kabati. Ataletwa mtu mwingine wa kukaa hapa.

Mbwa anakula dagaa, ndiyo. Bila dagaa hamezi kidonge, bila kidonge anakufa, akifa sina kazi wala matofali. Mabati yaliyo juu ya kichwa chako yametoka kwenye mdomo wa mbwa huyo. Ningekwambia mapema, lakini ungeniletea wa mchanga, na wa mchanga hawataki.

S.


Ikola
30 Juni 2024

Shikamoo dada,

Nakuandikia nimekaa kwenye kizingiti. Wewe pia usiisome hii umesimama.

Wapimaji wamekuja. Vijana wawili wenye kofia, na kidude cha mkononi kinacholia kama kifaranga, na Mzee Sylvanus mbele yao. Walianzia kwa Machibya, wakaja kwetu. Mimi nilikuwa mpakani tangu asubuhi, nimevaa kitenge cha kanisani.

Kijana akauliza, "Eneo hili la nani?"

Sijafungua mdomo, Machibya akadakia. "La huyu mama. Ng'ombe wangu wana alama za fimbo yake mgongoni, waulizeni."

Watu wakacheka. Mama Dorotea naye hakutaka kubaki nyuma. "Nyumba ni yake, migomba ni yake, na mdomo ni wake!"

Kijana akanigeukia. "Mama, mwenye nyumba ni wewe?"

Nilikuwa na majibu mawili. Moja lilikuwa refu, lina Mpanda ndani yake, lina mbwa, lina Danford. Nililianza kichwani nikaona namna watakavyonitazama: kumbe siku zote hizi ni mlinzi tu, na ile fimbo yote ilikuwa ya nani? La pili ni lile ulilonifundisha. Na Mzee Sylvanus alikuwa amevua kofia. Dada, hakuna mtu aliyewahi kunivulia kofia mimi. Kwenye vyumba vya kupanga walikuwa wananitolea vyombo nje na mtoto mgongoni. Na barua yako nilikuwa nayo kwenye kitenge, imeandikwa majibu unayajua.

Nikasema, "Mwenye nyumba ni mimi."

Kidude kikalia. Wameweka bikoni, vile vigingi vya saruji vya mpaka, kwenye kona zote. Wameandika Marta na Fabiani.

Nilidhani nitajisikia mwizi. Nilikaa nikisubiri, nikapika, nikala, nikaosha vyombo, bado nasubiri. Haikuja.

Usije na hasira. Nyumba ni yetu sote. Tumekupangia chumba cha nyuma, nimeweka na chandarua kipya.

Marta


Misunkumilo
7 Julai 2024

Marta,

Nimeisoma nimekaa, kama ulivyoelekeza. Nimekaa kwenye kiti cha Mama Spès, maana nimeambiwa sina changu.

Neno hilo moja nimelitumia hapa mjini kwenye nyumba zenye marumaru na magari mawili uani. Nimewaambia polisi mwenye nyumba ni mimi. Nimemwambia mchungaji. Ningetaka, ningekuwa na mtaa mzima. Unajua tofauti ya mlinzi na mwizi? Hadi siku ya mwisho wanafanana kabisa: wote wanajua ufunguo uko wapi, wote mbwa hawawabwekei. Siku ya mwisho mlinzi anarudisha ufunguo. Basi, hakuna tofauti nyingine.

Nilikuambia majibu unayajua. Hukujua kwamba kuna siku moja ya kusema ukweli? Mtoto wa darasa la kwanza angejua.

Nenda kwa Mzee Sylvanus kabla hati hazijatoka, sema ulikosea. Ukishindwa, nitakuja mwenyewe, nitamleta fundi, nitamleta na aliyeniuzia kiwanja. Watasema nani alijenga hapo.

Begi langu liko mlangoni na sina pa kulipeleka. Waziri amelilalia.

Chandarua chako funikia dagaa.

Scolastica


Ikola
28 Julai 2024

Dada,

Sikwenda kwa Mzee Sylvanus. Nilitoka, nikafika mpaka kwenye ua wake, nikamwona anakunywa uji, nikageuka.

Mlete fundi. Atasema aliyemwona kila wiki ni Fabiani, aliyemchotea maji ni mimi, na wewe alikusikia. Aliyekuuzia kiwanja amehamia Uvinza, na naye alimkabidhi Fabiani, kwa sababu siku ile ulikuwa unamwangalia kasuku wa Wahindi. Nyumba hii uliijenga kwa simu, dada. Hujawahi kuiona. Hujui kwamba asubuhi jua linaingia kwa dirisha la jikoni na kugonga sufuria. Hujui kwamba mlango wa nyuma unalia.

Unasema mlinzi anarudisha ufunguo. Anaurudisha kwa sababu kuna mtu amesimama getini kuupokea. Nilikuita usimame. Ulikuwa na safari ya siku moja na ukachagua mbwa.

Na nikuulize, kwa heshima zote: katika kazi yako, umewahi kumwambia jirani hata mmoja ukweli? Ulinifundisha uongo kwa vipimo vyote, nguo nianike wapi, mikono niweke wapi. Hukunifundisha unaishia wapi. Nafikiri na wewe hujui.

Nakuheshimu kama mama. Nyumba siachi.

Marta


Misunkumilo
4 Agosti 2024

Shikamoo Mama Spès,

Waziri hajambo. Amekula, amelala, ameamka, amebweka. Serikali inaendelea.

Uliniuliza kuhusu mwaka ujao na mingine mbele. Naendelea. Nilikuwa nimefikiria kuacha, hata begi nilifunga, lakini Waziri alilalia begi na sikuona sababu ya kumsumbua. Mahali nilipotaka kwenda pamepata mtu.

Naomba jambo moja tu. Miaka yote watu wakiuliza getini nimekuwa nikisema nyumba ni yangu, ili kuwapoteza wezi. Kuanzia sasa nitasema mwenye nyumba ni Mama Spès na yuko Dodoma. Najua ni hatari kidogo, ongeza kufuli. Neno lile nimeona linavyofanya kazi, na sitalisema tena kwenye nyumba ya mtu.

Mashuka nimeyakunja kama yalivyokuwa. Ulivyosema ardhi haikimbii, ulisema kweli. Ipo palepale.

Wako,
Scolastica


Ikola
1 Desemba 2024

Shikamoo dada,

Miezi imepita hujaandika. Dagaa nimekuwa nikituma hivyohivyo, na Danford anasema kiroba unapokea, kwa hiyo najua uko hai. Nimeendelea kuwatoa vichwa. Nimemhurumia mbwa.

Barua uliyomwandikia Mzee Sylvanus alinionyesha. Hakukasirika. Alisema anaheshimu sana dada wakubwa, lakini majirani walishuhudia kwa midomo yao na hawezi kwenda kuwaambia wote ni waongo. Hati imetoka. Nimeiweka sandukuni, sijaitundika.

Naandika kwa shida nyingine. Baba mkwe anaumwa kule Kasokola, na Fabiani anataka Krismasi twende wote, watoto wamwone babu yao kabla hajatangulia. Nyumba itabaki peke yake. Dorotea hawezi, ana mdomo. Vijana wa mwaloni unawajua. Fabiani akasema, "Kazi hii ina fundi mmoja tu." Nikamwambia usinichekeshe. Lakini nimelala nayo, nimeamka nayo, ni kweli.

Danford ameniambia Mama Spès anakuja hapo Krismasi. Basi najua huna pa kulala.

Ukikubali: kuku wanakula pumba asubuhi na jioni, tetea mwekundu anaatamia, usimguse. Kuna mtoto wa mbwa sasa, wa Fabiani, hana jina. Anakula dagaa wa mchanga na hachagui. Chumba cha mbele tumekifunga kwa sababu ya vitu vya watoto, lala cha nyuma. Mlango unalia, usiogope. Wageni wasiwe wengi.

Sijui kama hii ni barua ya kuomba msamaha. Ikiwa ndiyo, ichukue.

Marta


Ikola
27 Desemba 2024

Marta,

Nilikuja. Nilisema siji, kisha Mama Spès akashuka kwenye gari, akamkumbatia Waziri, akaniuliza, "Scola, leo unalala wapi?" kwa sauti ya mtu anayetamani nijibu haraka. Danford alikuwa anapakia.

Nakuachia ripoti, kama ninavyomwachia kila bosi.

Kuku wazima. Tetea mwekundu ametotoa, ni mkali, anafaa kazi ya getini. Mtoto wa mbwa amekula dagaa wa mchanga siku ya kwanza. Siku ya pili nikampa wa juu ya chanja, na sasa hataki wengine. Samahani. Mpapai umezaa. Migomba uliipanda karibu mno na ukuta, lakini imeshika.

Nimelala chumba cha nyuma. Mlango unalia kweli. Na jua linaingia kwa dirisha la jikoni na kugonga sufuria, kama ulivyosema. Nilisimama pale na kikombe mpaka chai ikapoa. Nimekaa nyumba nyingi, Marta. Hii ni nzuri. Aliyeichora alikuwa na akili.

Jana alasiri ng'ombe wa Machibya walikata kona wakaingia kwenye migomba. Nikatoka na fimbo yako iliyo nyuma ya mlango. Nikasimama wima, mikono kiunoni, nikamwambia awatoe.

Akavua kofia. Ni mtu wa adabu yule. "Samahani mama, wewe ni nani hapa?"

Swali hilo nimelijibu kwenye mageti ya Misunkumilo miaka mingi. Kila mara nilijibu uongo, na kila mara waliniamini, wakashusha sauti, wakaniomba radhi. Niliapa kutolisema tena neno lile kwenye nyumba ya mtu. Nikaangalia ukuta, nikaangalia bati, nikasema:

"Mwenye nyumba ni mimi."

Machibya akacheka. Mama Dorotea naye akacheka kule kisimani, mpaka akaweka ndoo chini. Hawakunicheka kwa ubaya, ingekuwa nafuu. Walicheka kama watu wanavyomchekea mgeni mwenye utani. "Muache, mzee," Dorotea akasema. "Ndiye dada yake wa Mpanda, amekuja kuwalindia. Ndiyo kazi yake huyu."

"Aaa," akasema Machibya. "Karibu sana, mama. Kaa kwa amani. Mwenyewe akirudi msalimie."

Ng'ombe amewatoa.

Kwa hiyo, salamu zako hizo. Sakafu ilikuwa imepasuka tena hapo karibu na mlango, nimeiziba. Kesho napanda roli. Ufunguo nitauacha kwa Dorotea, ndani ya soksi.

Scolastica